Kadi Kwenye Mizani ya Maharage

Krrr, tik. Krrr, tik. Ndivyo ilivyokuwa ikilia feni ndogo iliyokaa juu ya kadi ya picha ndani ya kompyuta ya kaka Ponsi, na mpaka leo nikisikia feni mbovu popote, iwe ofisi ya kata au saluni, moyo unaniruka kabla sijajua kwa nini. Wenzangu wakikumbuka ujana wao wanataja kengele ya misheni au vishindo vya kinu. Mimi nataja feni yenye ukubwa wa mdomo wa kikombe, iliyokuwa inakwangua kitu kila ikizunguka, na sisi tukiisikiliza kama watu wanaosikiliza kifua cha mtoto mwenye homa.

Mwezi huu imenirudia kichwani kwa sababu tumemzika kaka Ponsi, mtoto wa baba yangu mkubwa, kule Mwimbi. Siku ya pili ya matanga, jua bado halijazama, wanaume wameuzunguka moto, sisi wanawake tunachagua mchele karibu nao, mmoja wao akaanza: "Mnaikumbuka ile kompyuta ya marehemu? Si ililipuka ile! Moshi mpaka barabarani." Wakacheka, kicheko kile cha msibani ambacho kila mtu anakihitaji. Mwingine akaongeza kwamba pazia lilishika moto, na wa tatu, ambaye mwaka ule hakuwepo hata Sumbawanga, akasema paka alikufa. Nilinyanyua uso kutoka kwenye ungo nikitaka kusema haikulipuka, hapakuwa na moshi, na paka hatukuwa naye. Nikaona si mahali pake. Lakini neno limenikaa kooni tangu siku ile, na mimi nikikabwa na neno sipati usingizi. Ndiyo maana naandika.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, kidato cha pili nimekiacha njiani, na simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kuonekana mjini mikononi mwa wafanyabiashara, wakizishika kama wameshika yai. Kaka Ponsi alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shirika moja la umma, kama wengi wa wakati ule. Wenzake kiinua mgongo walikipeleka kwenye mashine za kusaga na biashara ya mahindi. Yeye alikwenda Tunduma akarudi na kompyuta iliyotumika, rangi yake kama maziwa yaliyolala, amekaa nayo mapajani safari nzima kwa sababu hakumwamini kondakta. Akaiweka chumba cha mbele cha nyumba yake pale Chanji, akanunua mabenchi mawili, akaandika ubaoni kwa rangi ya geti: GEMU ZA KISASA. Nami akaniita kutoka Msanzi niwe msimamizi. Kazi yangu ilikuwa kupanga zamu, kutazama saa ya ukutani, na kumtoa kwenye kiti mtu ambaye muda wake umeisha, jambo ambalo sikuliweza vizuri, maana nilikuwa namwonea huruma kila anayepoteza.

Chumba kile ningekichora hata nikiwa nimefumba macho. Dirisha moja la nondo, pazia la kitenge cha maembe, ukuta uliopakwa chokaa hadi usawa wa bega kwa sababu chokaa iliishia hapo. Baridi ya Sumbawanga mnaijua. Mwezi wa sita vijana walikuwa wanaingia na makoti ya mitumba yenye vifungo vya dhahabu, na kabla hawajashika kibodi walizunguka nyuma ya kioo cha kompyuta kuota vidole kwenye joto lake. Kulikuwa na gemu nyingi kwenye ile mashine, ila iliyoleta watu ilikuwa moja, ya mbio za magari, barabara inapita kwenye milima ya kijani ambayo hakuna aliyeijua jina. Mimi nilipokuwa peke yangu asubuhi nikifagia nilikuwa naota kwamba siku moja nitatengeneza gemu kama ile, barabara yake itoke Sumbawanga ikateremke ukingo hadi bonde la Rukwa, zile kona zote, na ziwa linang'aa chini. Nilikuwa sijui gemu inatengenezwaje. Nilidhani kuna mtu anachora kila jani.

Niliyemwambia ndoto hiyo alikuwa mmoja tu, Shija, Msukuma ambaye baba yake alihamia bondeni na ng'ombe. Alikuwa kijana mkubwa kama mimi, anapanda mjini kuuza ng'ombe na baba yake, na akishamaliza mnadani moja kwa moja kwetu, na fimbo yake anaiegemeza mlangoni. Kwa mbio zile hakuna aliyemweza.

"Sasa bebe Skola," aliniambia, maana kwa Kisukuma bebe ni wewe, "hiyo barabara yako ng'ombe watakuwepo?"

"Ng'ombe wa nini kwenye mashindano?"

"Basi hiyo siyo ya Rukwa. Mtu anateremka bonde zima hajasimama kupisha ng'ombe? Uongo huo."

Nikamwahidi ng'ombe. Akasema wawe wa kwao, wa Wafipa hawajui hata kuvuka barabara. Benchi zima, Wafipa watupu, likamzomea.

Feni ilipoanza kukwangua, kaka Ponsi aliitia mafuta ya alizeti. Jikoni ndiyo yalikuwa yapo. Kwa siku chache ilinyamaza, kisha mafuta yakashika vumbi, na vumbi la Chanji si la mchezo, ikawa kama ugali umebandikwa pale. Krrr ikazidi, halafu ikaisha, na kunyamaza kwake ndiko kulikotutia hofu. Alasiri moja Shija yuko katikati ya mbio, milima ikageuka mistari. Kioo kizima kikawa kama kitenge kimelowa. Tukazima, tukawasha, mistari. Kadi ile, kipande kinachochora picha kwenye kioo, ilikuwa imeungua.

Mashine yenyewe haikufa, na hapo ndipo palipokuwa na uchungu wa ajabu. Ukichomoa waya wa kioo kwenye kadi ukauchomeka kwenye tundu la bodi kuu ya mashine yenyewe, ilikuwa inawaka, unaandika, unacheza karata. Ila gemu ya magari ilikuwa inaivuta picha mojamoja, kama mtu anayesoma kwa kidole. Nani atalipia hiyo? Vijana walikuja, wakatazama, wakacheka, wakaondoka kwenda kutazama video kwa jirani. Ilihitajika kadi nyingine ya picha, na Sumbawanga nzima wakati ule ungeweza kununua pampu ya baiskeli, redio, hata jeneza la vioo, lakini si kadi ya picha.

Wifi Yustina, mke wa kaka, alikuwa mtu mwema, nisije nikaeleweka vibaya. Aliniwekea kipande kikubwa cha mgebuka kila tulipopata samaki wa Kasanga, na ugali wake wa ulezi sijala mwingine kama ule. Lakini alikuwa anafikiri kwa sauti. Siku moja niko jikoni nakoroga maharage, wao wako chumbani, ukuta wa tofali mbichi hauzuii kitu.

"Chumba kile kimelala tu, Ponsi. Mahindi yanakomaa shambani, malori yataanza kupanda, wenzako wanatafuta pa kuweka magunia, wewe umekaa na kioo."

"Kadi ikipatikana kitajilipa."

"Ikipatikana! Miezi mingapi unaniimbia ikipatikana? Nisikilize. Malori yakipanda mashine ikiwa haichezwi, naweka magunia. Mahindi hayaungui feni."

"Na Skola?"

"Skola simchukii. Ila hawezi kukaa hapa analinda kitambaa cha kufunikia mashine. Atarudi Msanzi amsaidie mama yake na ulezi."

Niliunguza maharage. Tulikula hivyo hivyo.

Basi tukaanza kutafuta kwa bidii. Fundi wetu alikuwa Mwaki, Mnyakyusa mwenye kibanda cha kutengeneza redio, mtu wa maneno mengi na bisibisi moja. Alimwagiza shemeji yake wa Mbeya, na baada ya kungoja mvua zipungue barabarani, kadi ikafika imefungwa kwenye gazeti. Haikuingia. Meno yake ya kuchomekea yalikuwa yamekaa mahali pengine, na bodi yetu haikuwa na tundu la namna ile. Mwaki akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Hapa ni milimita tu hizi. Tunapiga tupa, inaingia."

"Itafanya kazi?" akauliza kaka.

"Kitu kikiingia, kimeingia."

Na kaka, Mungu amrehemu, akaitikia kwa kichwa! Nilichukua ile tupa nikaikalia. Mwaki akasema, "Dada, toka." Nikasema sitoki. "Ponsi, mwambie dada yako." Kaka akatazama kadi, akanitazama mimi, akaanza kucheka kwa uchovu, na kadi ile ikarudi Mbeya na meno yake yote.

Safari ya pili kaka alikwenda hadi Tunduma mwenyewe na kadi iliyoungua mfukoni kama sampuli. Muuzaji akamwambia zenye meno yale hana dukani, akizipata atatuma mbili kwa kondakta wa basi, tuchague moja na nyingine irudi na basi la asubuhi inayofuata. Sharti lake lilikuwa fupi: kila kadi ipo ndani ya mfuko wa plastiki uliopigwa stika, na stika ikichanika umenunua. Kujaribu hakuna. Kaka alirudi akiirudia ile kauli njia nzima ya kutoka stendi, stika ikichanika umenunua, kama mtu anayejifunza sala mpya.

Tukangoja. Siwezi kueleza kungoja kule bila kuona aibu kidogo kwa jinsi tulivyokuwa tunakwenda stendi kila jioni kama tunampokea askofu. Basi linaingia limepakwa tope hadi kwenye vioo, tunauliza, kondakta anatikisa kichwa. Siku zikaenda, mashamba ya njia ya Namanyere yakawa ya kahawia, mvua ikakatika kabisa. Lori la kwanza la mahindi nililiona mimi, limeegeshwa karibu na soko, dereva analala chini yake. Sikumwambia mtu. Kesho yake kondakta akatupa boksi la viatu kupitia dirishani: "Ponsi! Mzigo wako, na kesho saa kumi na mbili naondoka, usinichelewesheee!"

Kadi zilikuwa mbili kweli. Moja ndogo, nyembamba, feni yake kama ile ya kwetu. Nyingine ilikuwa na kipande cha bati la alumini juu yake chenye mapezi kama radieta ya trekta, imefunika kadi nzima. Bei moja. Maandishi yote kwa Kiingereza na namba, na namba za nyembamba zilikuwa ndefu kuliko za nene, basi nazo hazikutusaidia. Mwaki alizisoma kwa sauti kubwa, na aliposhindwa akazisoma tena kwa sauti kubwa zaidi.

Sasa vijana wa leo hawatanielewa hapa. Miaka ile bidhaa zilikuwa zinaingia za kila aina baada ya milango ya biashara kufunguliwa, pasi, tochi, betri, majembe, nusu yake zimetengenezwa ili zionekane tu. Mtu alikuwa hana njia ya kujua ila moja: unanyanyua. Pasi nyepesi ni feki. Redio nyepesi ndani kuna hewa. Wafanyabiashara wajanja walishaanza kutia vipande vya chuma na hata mchanga kwenye redio ili zipate uzito, lakini watu walikuwa bado wananyanyua, mimi pia. Kwa hiyo kaka alishika kadi moja kila mkono, akafumba macho, akapima. Akampa Mwaki, Mwaki akapima. Mwaki akasema tofauti ipo ila mikono hudanganya, twendeni tukapate uhakika.

Tukaenda sokoni kwa Mama Oliva muuza maharage. Alikuwa na mizani ya sahani mbili, ya chuma, inayong'aa kwa kupanguswa. Kaka akamwamkia, "Shikamoo mama," akaomba ruhusa, akaweka kadi moja huku na nyingine kule. Watu wakaanza kusogea.

"Mnauza nini hicho, gamba la kobe?" Mama Oliva akauliza.

"Kadi ya kompyuta, mama."

"Inapikwa?"

"Haipikwi."

"Basi isinikalie sana kwenye sahani, wateja wangu wataingiwa na mashaka."

Ile ya mapezi ikashuka hadi ikagonga meza. Watu wakapiga kelele kama vile ng'ombe dume amemwangusha mwenzake. "Orijino hiyo!" "Ile nyingine karatasi!" Shija alikuwepo, amekuja na baba yake mnadani, akachungulia juu ya mabega ya watu akasema, "Kubwa ndiyo yenyewe. Sasa hii inakula nini?" Wakacheka wote, nami nikacheka mpaka machozi. Alikuwa anatania, na yeye mwenyewe alipoulizwa alichagua nzito. Wote tulichagua nzito. Nimejaribu mara nyingi kutafuta kwenye kumbukumbu yangu mtu hata mmoja aliyesema nyepesi, angalau nimchukie kwa kutosema kwa nguvu, simpati.

Nyepesi ikaondoka na basi la asubuhi. Nilimkabidhi kondakta mimi mwenyewe. Mchana wake Mwaki akachana stika.

Iliingia bila kusukumwa. Meno yalilingana yote, na kaka akamkumbatia Mwaki na bisibisi yake. Tukawasha, kioo kikaja kisafi, hakina mstari. Chumba kilikuwa kimejaa, wengine dirishani, hata wifi Yustina alisimama mlangoni na mwiko. Shija akakalishwa kitini bila zamu. Akafungua gemu. Jamani. Magari yalikuwa na vivuli. Hatukuwahi kujua kwamba magari yale yana vivuli! Maji ya pembeni mwa barabara yalikuwa yanameremeta, na mtu mmoja nyuma yangu akasema taratibu, "Kumbe ni mto ule." Shija akakanyaga mafuta, akapita kona ya kwanza, akapita ya pili, na tap. Giza. Mashine imezimika yote, feni, taa, kila kitu.

"Umeme umekatika," kaka akasema. Lakini taa ya chumbani ilikuwa inawaka.

Tukawasha, ikaja. Gemu, vivuli, mto, kona ya pili, tap. Tukaazima stabilaiza kwa mwenye saluni. Tap. Tukaondoa kifuniko, tukapepea kwa gazeti, Shija anaendesha kwa mkono mmoja na mwingine anapepea. Tap. Mwaki akachuchumaa akalitazama boksi dogo la umeme lililokaa nyuma ya mashine, akasoma kibandiko chake, kisha akakaa kabisa sakafuni. "Kadi inataka umeme mwingi," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Ikianza kazi nzito, hili boksi haliwezi kuilisha. Ile nyingine lingeiweza."

Kaka alikimbia posta kupiga simu Tunduma. Nyepesi ilikuwa imeuzwa palepale ilipofika. Boksi kubwa la umeme lingepatikana, lakini lingeagizwa, na kuagizwa maana yake tulikuwa tunaijua. Alirudi akitembea polepole, akapita kando ya malori mawili yaliyokuwa yamesimama mtaani kwetu, akaingia ndani kwa wifi. Hawakugombana. Niliwasikia wanaulizana magunia yaanze kupangwa upande gani.

Ingelipuka, kama wanavyosema Mwimbi, ningeweza kuikasirikia ikaisha. Kitu kikilipuka kimekupa jibu. Ile ilikuwa inawaka kila ulipoiwasha, inakuonyesha vivuli, inakufikisha kona ya pili, inazima. Nimeolewa, nimezaa, nauza mbegu na dawa za mifugo hapa mjini, gemu sikutengeneza, nisiwadanganye, na bado nikiwa nimepanga jambo likaenda vizuri mwanzoni natazama kama kona ya pili imeshapita. Mwanangu mkubwa juzi alikuwa anachagua kadi ya kompyuta yake kwenye simu, nikamwuliza inakula umeme kiasi gani. Akanitazama kama nimeongea Kichina.

Asubuhi ya kuondoka kwangu, kaka na wifi walikuwa nje wanapokea mahindi. Magunia yalikuwa yamepanda hadi kwenye kenchi kuta tatu, na mashine imesukumwa kwenye kona, inangoja mtu wa kuinunua. Begi langu lilikuwa mlangoni. Nilichomoa waya kwenye ile kadi nzito nikauchomeka kwenye tundu la bodi, nikawasha, nikafungua mbio, nikaendesha mwenyewe. Mwaka mzima nilikuwa sijacheza, maana mashine ilipokuwa nzima kila wakati kulikuwa na mteja. Picha zilikuja mojamoja. Magari mengine yakanipita yakapotea. Kwa mwendo ule niliona kitu ambacho haraka ilikuwa inakificha: mti uliokuwa kando ya kona ya kwanza ndio huohuo uliokuwa kando ya pili, tawi lilelile lililovunjika, na ya tatu pia, na mlima mzima ulikuwa mti mmoja umewekwa na kuwekwa tena. Mtu alikuwa amechora mti mmoja. Nikalitoa gari barabarani, nikaliegesha karibu na mti mpaka ukajaa kioo, nikachukua kipande cha boksi la viatu na kalamu ya kuandikia zamu, nikakaa juu ya gunia, nikaanza kuunakili, jani kwa jani.